Sauti ya Baba Haimo

Nalala saa saba mchana, na nalala nikiwa na hasira, jambo ambalo simshauri mtu yeyote. Kompyuta imefika asilimia thelathini na nane, inaunganisha picha na sauti za filamu yetu, na kila nikiitazama iko palepale, kama mtu aliyeombwa asogee kwenye benchi akajifanya hasikii. Basi naiacha. Naingia chumba cha kurekodia, kile tulichokibandika trei za mayai ukutani na godoro mlangoni ili kelele za Soweto zisituingilie, Soweto ya Mbeya nasema, siyo ile nyingine, maana hata hilo nimechoka kuwaeleza watu, najilaza sakafuni na kufumba macho. Filamu ni ya dakika arobaini. Mimi, Ambakisye, nachana mistari. Dada yangu Tusekile anaimba soul na ndiye aliyeshika kamera. Na habari ya filamu ni moja, kuwa mtu mweusi ni nini. Katikati kulikuwa na wimbo wa baba. Baba yetu, mzee Anyosisye, alikuwa mwimbaji wa bendi ya kiwanda cha chai huko Tukuyu miaka ya sabini, na wimbo wake uliopendwa kuliko zote ulikuwa wa soul, aliouimba kwa lugha ambayo si Kiingereza, si Kiswahili, wala si Kinyakyusa. Ni sauti tu, alizitunga mwenyewe. Miezi miwili iliyopita tulimrekodi humu humu, amesimama na sweta lake, macho kayafumba, akaimba mara moja na kusema inatosha. Kisha mshauri wa tamasha la filamu la huko nje, mtu mpole, anayetabasamu kwenye simu hata pasipo na la kutabasamia, akasema watazamaji watauliza hiyo ni lugha gani, na kwamba sauti ya mzee, kwa bahati mbaya, haina weusi wa kutosha. Nikasema sawa, hakuna shida. Jana Tusekile akiwa msibani Kyela nikaiondoa, nikaweka ya mwimbaji mmoja niliyempata mtandaoni, Kiingereza chake kimenyooka kabisa. Sijamwambia Tusekile. Sijamwambia baba, naye leo anakuja kutoka Tukuyu kujisikiliza.

Sijui usingizi unanichukua saa ngapi, najua tu kwamba ukuta wa trei unaanza kurudi nyuma, polepole, kila kishimo kinakuwa dirisha, kila dirisha linakuwa mlango, na mlango ulio karibu nami uko wazi. Napita, natokea barabarani. Ni lami nyeusi, mpya, ndefu, haina kona wala mti wala mtu wa kumuuliza, inateremka na kupanda na kuteremka tena, na kila nikifika juu ya kilima naiona inaendelea vilevile, haijali kwamba nimechoka. Mbele yangu, mbali kidogo, yuko baba. Namwona mgongo tu. Amevaa sweta lake la kijivu, anatembea kwa ule mwendo wake wa mtu asiye na haraka, na najua bila kuambiwa kwamba anakwenda ukumbini kutazama filamu, na kwamba nikimfikia kabla hajakaa nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu, na nikichelewa atakaa, atausubiri wimbo wake, na wimbo utatoka kwenye koo la mtu mwingine mbele ya watu. Namwita, Baba. Hageuki. Mimi nakimbia, yeye anatembea, na umbali unabaki uleule. Hilo peke yake linatosha kumtia mtu kichaa.

Halafu kuna geti. Geti katikati ya barabara, bila ukuta kushoto wala kulia, unaweza kulizunguka ukitaka, ila nikilizunguka nalo linazunguka. Mlinzi wake amevaa suti na ameshika ubao wa kuandikia, na hana uso. Pale penye uso pana ngozi laini tu, kama yai lililomenywa. Baba amepita hapa bila kuulizwa kitu, mimi nasimamishwa. Mlinzi anataka cheti. Namuuliza cha nini, anasema cha weusi. Namwonyesha mkono, anasema mkono kila mtu anao. Namwambia nitazame basi, anasema hana macho, na kweli hana, naona aibu kidogo, halafu hasira inarudi mahali pake. Kitendawili, anasema. Nitafanyaje, namjibu, Tega. Nyumbani sikuwa nayo, nimeshuka ndege ninayo. Hicho nakijua, hicho kimenikaa kooni miaka minne. Nyumbani kwetu mweusi alikuwa Tusekile, mimi bibi aliniita maji ya kunde, na mambo yakaishia hapo, tukaendelea kula. Kisha tukaalikwa ng'ambo kuonyesha filamu yetu ya kwanza, filamu ya vichekesho juu ya mbuzi aliyeibwa, tukapanda ndege tukiwa Ambakisye na Tusekile, tukashuka tukiwa Weusi kwa herufi kubwa, na watu wema wakatuuliza kwa sauti ya chini mbuzi yule anawakilisha mateso yapi. Tusekile alisema anawakilisha mbuzi. Walicheka kwa adabu, wakauliza tena. Namwambia mlinzi jibu, ni rangi yangu, fungua. Anaandika, anaandika tena, anasema jibu ni sahihi ila nimelisema kwa hasira, na wenye hasira wanahudumiwa geti linalofuata. Naapa, hata ndotoni kuna dirisha jingine la kwenda.

Barabara inateremka, inapanda, inateremka. Mgongo wa baba sasa ni mdogo kama kidole gumba. Geti linalofuata linasimamiwa na mwanamke, naye uso hana, amevaa vile vidude vya kusikilizia masikioni, ambako masikio pia hana, na hanisalimii. Kitendawili. Tega, upesi tafadhali. Midomo mia inaimba, nasikia mashine moja. Hicho sikijui. Nasema redio, anasema hapana. Nasema kanisa lenye kinanda, hapana. Nasema kiwanda cha chai, akina mama wanaimba na mitambo inanguruma, anainamisha kichwa kama anayesikiliza mpaka napata matumaini, kisha anasema hapana. Nipe mji, anasema. Tulivyokuwa watoto ndivyo ilivyokuwa, ukishindwa kitendawili unampa mwenzako mji, anakwenda huko kwa maneno tu, anakula, anakunywa, anatembezwa, anarudi na jibu, na haikuuma hata kidogo kwa sababu miji tuliyogawa hatukuwa tumefika. Nampa London. Anasema London amepewa mpaka amekinai. Nampa New York, anasema imejaa. Nampa Dodoma kwa kujaribu, anatikisa lile yai lake. Anataka mji wangu. Natazama mbele, baba anaanza kupotea nyuma ya kilima, na kichwani mwangu liko jambo moja, nimfikie kabla hajakaa. Chukua Tukuyu, nasema. Sawa, hakuna shida, chukua, nipishe. Nikishalisema nalisikia, ni sauti ileile niliyomjibia mshauri, ileile hasa, nyepesi, ya mtu anayesogeza kiti. Namwomba anirudishie nimpe mwingine. Anasema mji ukishatolewa umetolewa, na jibu nitalikuta huko huko.

Na kweli barabara inaingia Tukuyu. Ni Tukuyu na si Tukuyu. Mlima Rungwe uko upande usio wake, maduka yametazama nyuma, mvua inanyesha na hailoweshi, na kila nyumba mbele imepigwa kioo kutoka msingi mpaka paa, kiasi kwamba mtaa mzima ni mimi. Ila hakuna hata mmoja aliyevaa nilichovaa. Katika kioo cha kwanza nina mnyororo shingoni ambao ungetosha kufungia fahali, na koti la theluji, na nyuma yangu ukuta uliochorwachorwa. Katika cha pili nina ngozi ya chui na mkuki na nimekunja uso. Katika cha tatu niko kifua wazi, nimepakwa mafuta, nalia vizuri kuelekea kwenye mwanga. Katika cha nne nina nywele kubwa kama ungo na ngumi juu. Wanakuja watatu wasio na nyuso, wenye suti, wapole kupita kiasi, wananiambia nichague mmoja kisha nitaruhusiwa kupita. Nawaambia sisemi hao si mimi. Huyo wa mnyororo nilimtamani tangu nina miaka kumi na sita, nilijifunza kuchana kwa kaseti moja iliyokwaruza, nyuma ya banda la kukaushia chai, na nikawapenda wale jamaa wa kwenye kaseti kwa sababu walikuwa wana hasira na hasira yao ina mapigo, na mimi pia nilikuwa na hasira, tena kwa Kinyakyusa, juu ya kuchota maji. Huyo wa ngumi naye namheshimu. Lakini hapa ni Tukuyu, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, yuko wapi mwenye sweta na gambuti? Wanainamiana, wananong'ona, wanarudi. Wanasema huyo hatoki vizuri kwenye picha. Nawauliza nani kasema, wanasema ni mimi. Mmoja anageuza ubao wake na kunionyesha, na kweli ni mwandiko wangu, orodha ya picha za kukata, na mstari wa kwanza unasema, mzee na sweta, ondoa.

Nafanya nilichobakiza, nawasukuma. Wanaanguka kwa urahisi sana, ndani hawana kitu. Napita katikati ya vioo, nakata nyuma ya soko, natokea uwanjani, na hapo najua nilipo kwa sababu nimesimuliwa mara mia. Kuna gari la sinema limeegeshwa kwenye majani. Kuna ghala lenye ukuta mweupe. Jua linawaka na picha inaonekana ukutani vilevile, ndivyo mambo yalivyo huku, na watu wamejaa, wameketi chini na mashuka yao, wote bila nyuso. Baba alitusimulia kila Krismasi. Gari hilo lilifika Tukuyu mara moja, likaonyesha filamu moja, na spika ilikuwa imeharibika njiani, kwa hiyo kilichosikika ni jenereta tu, likinguruma mwanzo mpaka mwisho. Na ukutani walikuwapo watu weusi. Wengi, wamevaa nguo za kumeta, nywele zao kubwa, wana magitaa na matarumbeta, wanaimba. Baba alisema ilikuwa mara yake ya kwanza kuona watu weusi kwenye filamu ambao hawajabeba mizigo ya mtu. Asubuhi gari likaondoka, na hakuna aliyejua walichoimba. Jumatatu baba akaenda kwenye mazoezi ya bendi na wimbo mpya, akasema ndio ule. Kamati ya bendi ikakaa, maana kila wimbo ulipitishwa na kamati, katibu akauliza ni wa lugha gani, baba akasema ni ya wale wa ukutani, wakapiga kura, ukapita. Sisi watoto tulicheka kila mwaka. Mimi nilimsimulia hata mshauri, naye akacheka, nikacheka pamoja naye.

Midomo mia, mashine moja. Nasimama pale nikiwa nimelipata jibu na sina wa kumpa. Na mbele kabisa, karibu na ukuta, yuko baba, anatafuta pa kukaa. Nakimbia, naruka watu, nafika. Baba, usikae kwanza, namwambia. Anageuka. Ana uso, uso wa kwanza ninaouona tangu niingie huku, ila ni wa kijana wa miaka ishirini na moja, hana mvi, sweta lake jipya, na hanijui. Ugonile, ananisalimu, kama unavyomsalimu mgeni. Kisha ananiuliza mimi niliyetoka mbali kama nasikia watu wale wanaimba nini. Nasema nasikia jenereta. Anasema yeye pia. Anawatazama kwa muda, na naona amechukia, baba yangu mpole ambaye sijawahi kumwona amechukia. Anasema, Wamesafiri kutoka huko kwao mpaka hapa kwetu, halafu hakuna anayewasikia. Haiwezekani. Mtu awasaidie. Na hakai. Anafungua mdomo, anaimba.

Ni wimbo ule, ule ule usio na neno hata moja la kushika, nilioucheka, na midomo ya ukutani inauingia. Kila sauti anayoitoa inamkuta mtu pale juu ambaye tayari amefungua mdomo kwa ajili yake. Mwanamke wa nguo ya njano anapandisha, baba anapandisha. Mpiga tarumbeta anavuta pumzi, baba anampa nafasi. Wanageuka mmoja mmoja, wanatazama chini kutoka ukutani, wanamtafuta aliyewapa sauti, na wakimwona wanaimba kwa nguvu zaidi, na jenereta silisikii tena. Nalia, na inaniudhi kwamba nalia, kwa sababu kazi niliyoijia ni kumwambia na badala yake nasikiliza. Nasema moyoni, akimaliza ubeti huu namwambia. Anaumaliza, anaanza mwingine. Akimaliza na huu. Hapo ndipo mmoja wa wale wasio na nyuso anapoketi kando yangu na ubao wake, taratibu, kwa heshima, na kuninong'oneza, Samahani, hiyo ni lugha gani? Na ninaanza kumjibu, naapa naanza kumjibu, niko tayari kumwambia aende zake. Lakini mkono wangu umezoea. Mbele yangu ipo meza ya mitambo, sijui imefikaje kwenye majani, na mkono wangu wa kulia, wenyewe, kwa ustadi wote niliojifunza miaka kumi, unashika kidude cha sauti ya baba na kukishusha. Kinashuka laini. Mdomo wa baba unaendelea, mishipa ya shingo imemsimama, na hakitoki kitu. Ukutani nao wananyamaza, wote mia, wananitazama. Nakipandisha. Kinapanda, kinapanda, hakina mwisho, mkono wangu uko juu ya kichwa nami bado nakipandisha na hakuna sauti, na yule wa kando yangu ananishukuru kwa ushirikiano.

Amba, amka basi, mtu gani analala na kazi mezani. Ni Tusekile. Amesimama mlangoni, godoro kalisukuma kwa bega, bado ana kanga ya msibani kiunoni. Nakaa. Trei za mayai ziko mahali pake. Nauliza saa ngapi, anasema saa tisa na nusu, ameingia na baba muda huo huo, gari lao limeharibika njiani mara mbili, baba amekataa kula mpaka atazame kwanza. Nauliza kompyuta. Anasema imemaliza, na ameituma filamu kwa wale wa tamasha kama nilivyoandika kwenye karatasi niliyoiacha mezani, ikifika mia itumwe. Namwambia irudishe. Anasema itarudije, imeshakwenda. Najaribu kusimama, mguu umekufa ganzi, nashika ukuta. Dada, hujaitazama, nasema. Anasema ataitazamaje kabla ya mzee, anamsubiri akae.

Kwa hiyo natoka mbio na mguu mmoja. Baba yuko chumba cha nje, kofia mkononi, sweta la kijivu limelowa mabegani, anakichunguza kiti cha plastiki kama kitamhimili. Baba, usikae kwanza, nasema, na nikisema hivyo nakumbuka nilishayasema, lakini naendelea, sitaki kusimamishwa tena na kitu chochote. Sauti yako haimo. Niliitoa mimi, jana, Tusekile hajui. Walisema haieleweki nikakubali, nikaweka ya mtu mwingine, na filamu imekwenda hivyo. Nisamehe. Tusekile nyuma yangu anasema jina langu mara moja, polepole. Baba ananitazama. Haonekani kuwa na hasira. Anaiweka kofia kwenye kiti, anapangusa mdomo kwa kiganja, na anaanza kuniambia kitu.

Midomo yake inasogea. Sisikii neno. Nasikia feni, nasikia pikipiki inapita nje, nasikia maji yakidondoka kutoka kwenye sweta lake hadi sakafuni, yeye simsikii. Anasema kwa utulivu, maneno mengi, anasimama, anafikiri, anaendelea. Mara moja anagusa kifua chake, mara moja ananyosha mkono kunielekezea mimi. Namgeukia Tusekile ili nione kama naye hasikii, na Tusekile anasikia, machozi yanamtoka, anaitikia kwa kichwa. Baba anafika mwisho wa alichokuwa akikisema. Nyusi zimepanda, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, anangoja. Nasema, Dada, amesemaje? Tusekile ananitazama kama mtu asiyenijua. Acha utani, Amba, anasema. Baba amekuuliza. Mjibu.